Kupima damu inayosukumwa na moyo bila sindano: mjadala umepotea njia

Mwaka 2024 ulituletea habari mbili zinazogongana kuhusu vifaa vya kufuatilia moyo wa mgonjwa aliyelazwa kwenye meza ya upasuaji. Mwezi Septemba kampuni ya BD ya Marekani ilikamilisha ununuzi wa kitengo cha vifaa vya wagonjwa mahututi cha Edwards Lifesciences kwa dola bilioni 4.2. Ndani ya mzigo huo umo mkanda mdogo unaovalishwa kidoleni na kukokotoa, bila kumchoma mgonjwa, kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kila dakika. Mwezi Desemba jarida la BMJ likachapisha matokeo ya jaribio la OPTIMISE II, lililohusisha wagonjwa 2,498 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo katika hospitali 55 za nchi 11. Nusu yao walipewa maji ya dripu na dozi ndogo ya dawa ya kuupa moyo nguvu kwa kufuata vipimo vya mtiririko wa damu, na nusu wakahudumiwa kama kawaida. Waliopata maambukizi baada ya upasuaji walikuwa karibu asilimia 23 kila upande. Kwa maneno mengine, hakuna aliyepona vizuri zaidi kwa sababu namba yake ilikuwa ikifuatiliwa.

Tangu hapo wanaofuatilia mambo haya wamegawanyika. Wapo wanaosema teknolojia ndiyo hiyo imefika, imeacha kumtoboa mtu shingo, na hospitali isiyokuwa nayo imeachwa nyuma. Wapo wanaosema jaribio limemaliza ubishi, pesa zielekezwe kwingine. Kwa maoni yangu wote wamelisoma jambo hili vibaya. OPTIMISE II ilijaribu maji na dawa vilivyotolewa kwa kufuata namba. Kifaa kilikuwa njia tu ya kuipata namba hiyo. Na sisi wa Afrika Mashariki, kabla ya kuuliza kama kifaa kinapima sawasawa au kama tunakimudu, tungeanza na kuuliza ni uamuzi gani wa mtaalamu wa usingizi utakaobadilika akishaiona namba, na nani atakuwepo kuutekeleza. Nikilifuata swali hilo hadi mwisho napata jibu ambalo muuzaji hatalipenda na mpinzani naye hatalipenda: vifaa hivi tunavihitaji, ila vichache, katika hospitali chache, na kazi yake kubwa iwe kutupatia kanuni za kuwahudumia wagonjwa ambao hawatafungwa kifaa hicho hata siku moja.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu hamu ya kuujua mtiririko wa damu ina sababu ya msingi kabisa. Thieta zetu zinaongozwa na presha. Monita inajaza mkanda wa mkononi kila baada ya dakika chache, namba inatokea, na ikiwa 110 kwa 70 kila mtu anashusha pumzi. Lakini presha ni msukumo tu. Fungua bomba la uani kisha uzibe mdomo wa mpira kwa kidole gumba: msukumo ndani ya mpira unapanda huku ndoo ikijaa polepole. Mwili wa mtu anayevuja damu hufanya jambo hilohilo. Mishipa inabana, mikono na miguu inapoa, presha inabaki ileile, huku figo na utumbo vikipata damu kiduchu. Kijana mwenye afya anaweza kupoteza kati ya asilimia 15 na 30 ya damu yake, yaani hadi lita moja na nusu kwa mtu mzima wa kawaida, kabla presha ya juu haijaanguka. Moyo unaosukuma mililita 70 kwa pigo, mara 70 kwa dakika, unazungusha karibu lita 5. Ukishuka hadi lita 3, monita yetu ya kawaida inaweza isiseme neno.

Kwa miongo mingi njia ya kuijua namba hiyo ilikuwa moja. Mwaka 1970 Jeremy Swan na William Ganz wa Los Angeles walichapisha habari za katheta, yaani mrija mwembamba, yenye puto dogo nchani, inayopitishwa kwenye mshipa mkubwa wa vena, mara nyingi wa shingoni, ikavuka vyumba vya kulia vya moyo na kutua kwenye ateri ya mapafu. Ilienea kwa kasi kubwa, na ilienea kabla haijathibitishwa. Mwaka 1996 uchambuzi wa wagonjwa mahututi zaidi ya 5,000 nchini Marekani ulionyesha kuwa waliowekewa katheta hiyo walikufa zaidi ya wenzao wanaofanana nao. Jaribio la Kanada la 2003, lenye wagonjwa wa upasuaji 1,994, halikuona faida. Jaribio la Uingereza la 2005 halikuona faida wala madhara. Robo karne na zaidi ilipita kati ya kuenea na kupimwa, na historia hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi ninaposikia kifaa kipya kikitangazwa kwa sifa ya kutotoboa pekee.

Njia zisizotoboa nazo hazikuanza jana. Mwaka 1966 William Kubicek na wenzake wa Minnesota, kwa fedha za NASA, walieleza namna ya kupitisha umeme mdogo sana kifuani na kukisia damu inayotoka moyoni kutokana na mabadiliko ya ukinzani. Vibandiko vya kifuani vinavyouzwa leo ni wajukuu wa wazo hilo. Mwaka 1973 Jan Peňáz wa Brno, katika Chekoslovakia ya wakati huo, alionyesha kifaa cha kidoleni: mwanga usioonekana kwa macho unapima ujazo wa ateri ya kidole, na mkanda unajaa na kulegea mara nyingi kila sekunde ili ujazo huo usibadilike. Msukumo unaohitajika kuuzuia ndio presha ya ateri, pigo kwa pigo. Kutoka kwenye umbo la wimbi hilo, kompyuta inakadiria ni damu kiasi gani imetoka moyoni. Neno “inakadiria” naliandika kwa makusudi. Ili kufika hapo kompyuta lazima idhani ugumu wa aota ya mgonjwa, mshipa mkuu utokao moyoni, kutokana na umri, jinsia, urefu na uzito wake. Hesabu ya awali ya njia hii, iliyotengenezwa Uholanzi, ilijengwa juu ya vipimo vya aota za binadamu vilivyofanyika maabara huko. Hakuna ubaya wowote katika hilo, ila mama wa miaka 28 mwenye presha kali ya ujauzito hafanani na mtu aliyekuwa kwenye hesabu ile.

Usahihi ndio uwanja ambao wapinzani wanapigania zaidi, na wana hoja. Tangu 1999 watafiti wamekubaliana kwa jumla kwamba kifaa kipya kinachotofautiana na kipimo cha rejea kwa zaidi ya asilimia 30 hakijafikia kiwango. Mwaka 2017 Alexandre Joosten na wenzake walikusanya tafiti za vifaa visivyotoboa vinavyotumika wakati wa upasuaji wakapata tofauti ya wastani ya asilimia 47. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake kweli unasukuma lita 5, kifaa kinaweza kusoma chini ya 3 au zaidi ya 7. Watetezi wanajibu kwamba hawahitaji namba halisi. Wanahitaji mwelekeo, kupanda na kushuka, na kifaa kinachokosea kwa namna ileile kila mara bado kinaonyesha mwelekeo. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Ila ina mpaka wake. Mwelekeo unaotafutwa thieta ni mdogo sana: mgonjwa anapewa mililita 250 za maji, na damu ya kila pigo ikiongezeka kwa asilimia 10 anahesabiwa kuwa ameitikia. Na kidole ndicho mahali pa kwanza pa kunyimwa damu mtu anapoingia kwenye mshtuko, yaani mzunguko wake wa damu unapodorora. Mgonjwa aliyepoa vidole kwa kupoteza damu, tunayetaka kumpima kuliko wote, ndiye ambaye mkanda wa kidoleni husoma kwa shida zaidi.

Hata kama kifaa kingekuwa na usahihi kamili, liko jambo la kifiziolojia ambalo naona linarukwa kila mara. Kuitikia maji hakumaanishi kuyahitaji. Moyo wa mtu mwenye afya, aliyeketi nyumbani kwake bila ugonjwa wowote, ukiongezewa maji utasukuma zaidi, ndivyo ulivyoumbwa. Kumwongezea mgonjwa maji hadi aache kuitikia ni kumpeleka kwenye kilele cha uwezo wa moyo wake, mahali ambapo sisi wengine hatuishi. Wazo la kuwapandisha wagonjwa kwenye viwango vya juu kuliko kawaida lilipata nguvu kupitia kazi za William Shoemaker miaka ya 1980, na lilikuwa na mantiki: upasuaji mkubwa huongeza mahitaji ya oksijeni, basi tuipeleke ya kutosha. Majaribio madogo yaliliunga mkono. Jaribio la kwanza la OPTIMISE, la 2014, lenye wagonjwa 734 wa Uingereza, lilikuta waliopata matatizo au kufa ni asilimia 36.6 dhidi ya 43.4 ya waliohudumiwa kawaida, tofauti ambayo ingeweza kutokea kwa bahati lakini iliyotosha kuwapa watu moyo. Ndipo likaja la pili, lenye wagonjwa zaidi ya mara tatu, na tofauti ikayeyuka.

Sasa nifike kwenye hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi: kwamba kwa kuwa kifaa hakitoboi, basi hakina madhara, na tukikijaribu hatupotezi kitu. Madhara ya kifaa cha kupima hutoka kwenye yale tunayoyafanya baada ya kupima. Katika OPTIMISE II, matukio mabaya ya moyo ndani ya saa 24 yalikuwa asilimia 3.0 kwa waliofuatiliwa na asilimia 1.7 kwa wengine. Hakuna aliyeumizwa na kipimo. Walichopata zaidi ni maji na dawa. Na hapa hatuhitaji kwenda Uingereza kujifunza. Jaribio la FEAST, lililochapishwa 2011, lilifanyika kwa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, waliofika hospitali na homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu. Waliopewa maji mengi ya haraka kwenye mshipa walikufa zaidi: karibu asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 ya wale ambao hawakupewa. Miaka sita baadaye Lusaka ikatoa habari kama hiyo kwa watu wazima wenye maambukizi makali na presha ya chini: waliofuata utaratibu wa maji mengi walikufa asilimia 48.1, wenzao 33.0. Hawa hawakuwa wagonjwa wa upasuaji, na sitaki kuhamisha namba zao hadi thieta kana kwamba ni kitu kimoja. Ila eneo lililozaa FEAST lina sababu kuliko eneo lolote duniani ya kukataa kauli kwamba dripu haimdhuru mtu, na kifaa ambacho kazi yake kuu ni kumwambia mtaalamu “ongeza maji” kinastahili maswali makali kwetu kabla ya kuagizwa.

Upande wa pili nao una udhaifu wake. Anayesema jaribio limemaliza ubishi anasahau nani alijaribiwa: wazee waliopangiwa upasuaji, walioandaliwa vizuri, katika hospitali ambazo hata huduma yake ya kawaida ina wataalamu, maabara na damu ya akiba. Huduma ikiwa tayari iko juu, kuongeza kipimo kimoja hakubadilishi kitu. Jaribio lile halikumgusa mama mwenye vali ya moyo iliyobana kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni, anayehitaji upasuaji wa kujifungua usiku huu. Halikumgusa kijana aliyekaa na utumbo uliotoboka kwa siku kadhaa kabla ya kupata usafiri. Na kwamba maji yana kiasi chake, kidogo mno na kingi mno vyote vikiumiza, limethibitishwa vizuri: jaribio la 2018 la wagonjwa 3,000 wa upasuaji wa tumbo lilikuta waliobaniwa maji wakiumia figo asilimia 8.6, dhidi ya 5.0 ya waliopewa kwa ukarimu. Swali la nani apewe nini liko hai. OPTIMISE II imefunga mlango mmoja tu wa nyumba yenye milango mingi.

Liko jibu la tatu, nalo limetoka Afrika. Pale Cape Town, Robert Dyer na wenzake walichukua wajawazito wachache waliokuwa wakifanyiwa upasuaji kwa ganzi ya mgongo, wakawafuatilia damu inayosukumwa na moyo, pigo kwa pigo, kwa kifaa kinachosoma wimbi la presha kupitia kanula ya ateri. Kifaa kile kilitoboa, kweli, lakini kidogo kuliko katheta ya mapafuni. Mwaka 2008 walionyesha kwamba kwa wanawake wenye presha kali ya ujauzito, ambao walimu wengi walihofia kuwachoma ganzi ya mgongo, mtiririko wa damu ulibaki salama. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba finailefrini, dawa inayotumika sana kupandisha presha baada ya ganzi, hurudisha namba ya presha huku mapigo na mtiririko wa damu vikishuka, na kwamba mabadiliko ya mapigo yanafuatana na mabadiliko ya mtiririko. Tazama maana yake. Mtaalamu wa usingizi wa hospitali ya wilaya, mwenye oksimita, kile kifaa cha kupima oksijeni ya damu, na mkanda wa presha basi, akimpa mama finailefrini na kuona mapigo yakishuka kutoka 95 hadi 55 huku presha ikipendeza, anajua kwamba damu inayomfikia mtoto inaweza kuwa imepungua, na anajua kuacha kuongeza dozi. Kifaa hakipo chumbani kwake na hakitakuwepo. Maarifa yake yapo.

Hiyo ndiyo kazi ninayoiombea vifaa visivyotoboa, na kutotoboa kwake kuna maana kubwa hapo hasa, kwa sababu kunaruhusu kuwapima wagonjwa wengi zaidi, wakiwa macho, wajawazito, wenye selimundu, wenye upungufu mkubwa wa damu, bila kuwaongezea hatari kwa ajili ya utafiti. Muhimbili, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, KCMC, Bugando na hospitali kubwa za Nairobi, Eldoret na Kampala zina wagonjwa ambao vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wazee wa Ulaya havikuwawaza. Na kabla ya hapo vifaa vyenyewe vipimwe kwa watu wetu, vikilinganishwa na kipimo cha sauti cha moyo, yaani eko, ambacho hospitali hizo zinacho. Oksimita ilitufundisha kwa gharama: ilitumika duniani kote kwa miongo kadhaa kabla ya utafiti wa Michigan wa 2020 kuonyesha kwamba kwa wagonjwa weusi ilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe.

Najua hoja itakayofuata, na ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote: kwa nini mgonjwa wa London apate na wa Mtwara akose? Kwa oksimita hoja hiyo ilishinda, na ilistahili. Tangu 2011 shirika la Lifebox limekuwa likisambaza oksimita kwenye thieta zisizokuwa nazo, kwa sababu namba ya oksijeni ikishuka hatua inajulikana na iko mikononi mwa aliyepo: angalia njia ya hewa, ongeza oksijeni, pumulisha. Namba ya mtiririko wa damu haina hatua ya namna hiyo. Inaweza kumaanisha maji, damu, dawa ya mishipa, dawa ya moyo, au kupunguza usingizi, na kuchagua kati ya hivyo ndiko kunakohitaji mtu aliyesomea. Utafiti wa upasuaji Afrika uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2018, kutoka hospitali 247 za nchi 25, ulikuta wataalamu wa upasuaji, usingizi na uzazi ni 0.7 kwa kila watu 100,000. Wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi na wenye afya zaidi kuliko wa kwingineko, lakini walikufa mara mbili ya wastani wa dunia, na wengi mno walifia baada ya siku ya upasuaji, wodini, ambako kifaa cha thieta kimeshafunguliwa na kurudishwa kabatini.

Mtu anaweza kusema basi tuongeze ufuatiliaji wodini. Limejaribiwa. Jaribio la pili la watafiti haohao, katika nchi 28, liliwapa wagonjwa wa hatari uangalizi wa ziada baada ya upasuaji, kwa wahudumu walewale waliokuwepo, na vifo havikupungua. Linganisha na jaribio la E-MOTIVE la 2023, katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Kipimo chake kilikuwa karatasi ya plastiki yenye mistari, inayowekwa chini ya mama baada ya kujifungua ili damu inayotoka ionekane ni kiasi gani. Mstari ukifikiwa, mkunga anaanza hatua zote kwa pamoja: kukanda tumbo la uzazi, dawa za kulibana, tranexamic acid ya kupunguza kuvuja damu, dripu, uchunguzi. Kutokwa damu kupita kiasi, upasuaji wa dharura wa kuizuia na vifo kwa pamoja vilishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Karatasi ile ni kitu cha kawaida mno ukiilinganisha na mkanda wowote wa kidoleni, lakini ilifungwa kwenye uamuzi ambao mkunga aliyepo angeweza kuutekeleza dakika ileile.

Kwa hiyo kamati ya manunuzi ya hospitali ya mkoa ikiletewa mkanda wa kidoleni mezani, ningependa iulize mambo ambayo hayapo kwenye kipeperushi. Vitu vya kutumia mara moja, vibandiko na mikanda, vitagharimu kiasi gani kwa kila mgonjwa, na nani atavilipa msaada ukiisha? Nani usiku wa manane ataisoma namba, na ameandikiwa afanye nini ikishuka? Je, hospitali ina damu ya kutosha, kwa sababu mtiririko ulioshuka kwa kuvuja hautengenezwi na maji ya chumvi? Majibu yakikosekana, pesa ile inasomesha wauguzi wa usingizi na kuongeza wahudumu wa zamu ya usiku. Na wizara zetu, zinapopanga manunuzi ya hospitali za rufaa, ziweke sharti kwamba kila kifaa cha aina hii kiingie na mpango wa utafiti wenye kibali cha maadili na daftari la wagonjwa lililo wazi kwa watafiti wa nchi zote za ukanda huu. Wa kuanza nao naona ni wajawazito wenye magonjwa ya vali za moyo: ni wengi kwetu, ni wachache Ulaya, na hakuna mwingine atakayewapima kwa niaba yetu.